Kuhusu Mwenyekiti Aliyeniamini Niliposema Hapana

Mtaa wa Kanisani,
Clonmorran.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba nyonga ya mama yako imepoa. Sisi hatujambo, ila mvua tu. Mimi si mtu wa kulalamika. Muulize yeyote hapa mjini, atakwambia Dympna Tarpey wa duka la sare za shule hana makuu na mtu. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Malalamiko yangu yanamhusu Balozi Malachy Prunty, mwana wa mji huu, ambaye baada ya kuiwakilisha nchi yetu ughaibuni maisha yake yote ya kazi amestaafu, amerudi nyumbani kwao pale Daraja la Kinu, na sasa ndiye mwenyekiti wa chama chetu. Nasikia wakubwa wa chama kule Dublin walimuuliza mara moja tu kama angependa uenyekiti, naye akakubali papo hapo. Hapo tu tungeshtuka. Sisemi ni mtu mbaya. Ni mtu safi, ana viatu vizuri, husalimia mpaka mbwa wa watu. Tatizo lake ni moja, nalo ni kubwa: ukimwambia hapana, anakuamini.

Ndugu Mhariri, wewe ni mtoto wa hapa, huhitaji darasa. Unajua kwamba Clonmorran mtu mwenye malezi huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza anakataa kwa kuwa yeye ana adabu. Mara ya pili anakataa ili na wewe upate nafasi ya kuonyesha adabu yako. Mara ya tatu anasema, "Haya basi, kidogo tu, nisije nikakuudhi," na hapo ndipo mambo huanza. Tumepeana chai hivyo, tumepeana viti hivyo, tumezikana hivyo. Na bingwa wetu alikuwa nani, kama si marehemu Bridie Prunty, mama mzazi wa huyu huyu Balozi? Mama yule aliwahi kukataa kiti kwenye matanga mpaka jeneza likatolewa nyumbani, naye bado amesimama karibu na mlango akisema msijisumbue jamani, miguu yangu haina neno. Huyu mwanawe sijui karithi wapi.

Wanasema alikaa sana Finland. Huko, nimeambiwa, ukikataa chai, mwenye chai anainywa mwenyewe. Sipendi kuwasema watu kwenye nchi yao, labda ni ile baridi.

Sasa naomba niyapange malalamiko kwa namba, mtu asije akasema naropoka.

1. Chai. Alipoanza kupita nyumba kwa nyumba kusalimia wanachama, alifika kwangu asubuhi. Nikamfungulia mlango nikasema, "Karibu Balozi, utakunywa chai?" Akasema, "Ndiyo, asante. Maziwa kidogo." Hivyo hivyo, bila hata kumeza mate! Ndugu yangu, nilikuwa sijatia hata maji kwenye birika. Nani anabandika birika kwa swali la kwanza? Swali la kwanza ni salamu. Ule muda ambao mgeni anakataa ndio muda wa mwenyeji kuchemsha maji, kuangalia kama biskuti zipo, na kuanua nguo kwenye kamba iliyo juu ya jiko. Balozi akaingia moja kwa moja, akakaa chini ya sidiria zangu mbili na soksi za mdogo wangu Philomena, akakunja nne, akasubiri chai yake kwa raha zote. Nilitamani ardhi inimeze. Na anapokaa ana mgongo ulionyooka kweli, kwa hiyo zile sidiria zilikuwa zinamgusa nywele.

2. Pai. Siku hiyo hiyo nilimkatia pai ya matofaa. Sitaki kujisifu, ila hiyo pai imewahi kupewa utepe mwekundu wa ushindi kwenye maonyesho ya kaunti, na waliokosa utepe hawajanisemesha mpaka leo. Nikamwekea sahani mbele nikasema, kama anavyosema kila mwanamke mwenye haya zake, "Usiitazame hiyo pai, Balozi, imekuwa ngumu kama soli, ningeona aibu kumpa hata mbwa." Jibu lake kila mtoto hapa mjini analijua. Unasema, "Acha hizo, Dympna, sijala pai kama hii tangu nizaliwe." Balozi alitafuna. Akatafakari. Akanishika mkono kwa huruma kama niliyefiwa, akasema, "Pole sana, Bi. Dympna. Labda ni tanuri." Labda ni tanuri! Philomena ilibidi atoke nje akachekee kwenye banda la kuku. Mpaka leo, kila nikiwasha lile tanuri, ananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

3. Mvua. Unaijua barabara ya kanisani, jinsi isivyo na njia ya waenda kwa miguu, na jinsi sisi akina mama tunavyotembea tumejibana kwenye ua wa miiba huku malori yanatupita yakitupunguzia nywele. Nilikuwa natoka Misa, mvua inanyesha ile ya kukuingia mpaka kwenye mawazo. Gari la Balozi likasimama. Akashusha kioo. "Nikupe lifti, Bi. Dympna?" Nikamjibu kistaarabu, "Hapana, usijisumbue, mimi napenda kutembea." Akasema, "Vizuri sana, mazoezi ni afya," akapandisha kioo, akapiga honi kwa upole, akaondoka zake. Nilifika nyumbani viatu vinalia. Philomena ananiambia, "Si ungepanda tu?" Ningepandaje, Ndugu Mhariri? Kaniuliza mara moja!

4. Wimbo wa Packie Lavin. Hili linauma hata kuliandika. Packie ana wimbo mmoja, una beti nyingi, tunaujua wote, na hakuna ubatizo wala harusi katika parokia hii iliyowahi kwisha bila wimbo huo. Mtu anasema, "Packie, tuimbie." Packie anasema koo limekauka. Tunambembeleza. Anasema kasahau maneno. Tunazidi kumbembeleza. Anakohoa, anafumba macho, anamshika mkono aliye karibu naye, basi, hapo hatoki mpaka ubeti wa mwisho. Siku ya ubatizo wa kitukuu wa Packie, Balozi akapewa heshima ya kumwomba. Packie akasema, "Aa, mimi tena? Niacheni jamani, sauti imekwisha." Balozi akasimama, akatugeukia na uso wa kazi, akasema, "Ndugu zangu, tumheshimu mzee wetu, tusimlazimishe." Halafu akaanza kumpigia makofi ya kumpongeza kwa kustaafu. Na sisi, wajinga, tukapiga! Packie alikaa na wimbo wake kooni mpaka watu wakaaga. Mkewe anasema aliuimba kesho yake bafuni, peke yake, beti zote, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

5. Udiwani. Hayo ya juu ningeyameza. Hili limenikaba.

Ulikuwepo ukumbi wa parokia siku ya kumteua mgombea wetu wa udiwani, nilikuona nyuma na kamera yako. Kila mtu alijua diwani wetu wa zamani amechoka, na kila mtu alijua ni nani atafuata. Si kwamba niliutaka udiwani mimi. Nani kasema niliutaka? Ni kweli nilinunua koti jipya la kijani, lakini koti ni koti. Ni kweli nilipita kwa msusi, lakini nywele zilikuwa zimefika wakati wake. Na ile hotuba iliyokuwa ndani ya mkoba wangu ilikuwa ya akiba tu, kama mwavuli.

Tulikuwa tumepanga vizuri na Philomena. Balozi atauliza, nitakataa. Atauliza tena, nitakataa kwa unyonge zaidi. Hapo Philomena ataruka na kusema, "Acha maringo, Dympna, hakuna mwingine!" Ukumbi utapiga makofi, nami nitasema haya basi, kama ni kwa ajili ya mji. Ndivyo madiwani wote wa mji huu walivyopatikana. Yule aliyechoka aliwahi kukimbilia jikoni wakamtoa kwa nguvu, na alikaa madarakani mpaka akaota mvi.

Balozi akasoma jina langu. Akauliza, "Bi. Dympna Tarpey, je, uko tayari kugombea?" Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Mimi? Hapana jamani, mimi ni nani? Tafuteni mtu anayefaa." Watu wakatabasamu, maana nililisema vizuri, hata mimi nilijisikia. Nikasubiri. Nikamtazama Philomena. Philomena, Mungu amsamehe kabla sijamsamehe mimi, alikuwa amejaza mdomo sandwichi ya yai na kitunguu, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, ananionyesha kwa kidole kwamba nisubiri ameze.

Balozi hakusubiri mtu ameze. Aliinamisha kichwa kama yuko mbele ya malkia, akasema, "Nakushukuru kwa uwazi wako. Uamuzi wako tunauheshimu." Akalikata jina langu. Kwa wino, Ndugu Mhariri. Kisha akamgeukia Joost Wieringa, yule Mholanzi anayetengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi, ambaye amekaa hapa miaka ishirini na kitu na kwa hiyo bado ni mgeni. "Na wewe, Bwana Joost?" Joost akasema, "Ndiyo. Nitapenda." Ukumbi ukanyamaza kana kwamba mtu kavua suruali. Lakini kwa kuwa hakukuwa na jina jingine, mkutano ukafungwa, ikaletwa chai. Mimi niliulizwa mara tatu na nikakataa zote tatu, ili wajue nimeumia.

Nilirudi kwa miguu kwa ile ile barabara ya kanisani, nimejibana kwenye ile ile miiba, nikalia njia nzima. Ilikuwa inanyesha, ikanisitiri. Haya, nakwambia wewe peke yako: niliutaka. Niliutaka tangu siku Nuala Cox, rafiki yangu wa tangu utoto, alipopigwa na kioo cha lori akitoka Misa akavunjika mkono, na mpaka leo hawezi kujichana nywele mwenyewe. Nimewaandikia baraza la kaunti watujengee njia ya waenda kwa miguu, nimewapigia simu, nimewapelekea na pai. Kila mara wananiambia suala hilo linatazamwa. Nilitaka niingie humo ndani nilitazame mimi. Njia hiyo ninayo yote kichwani, najua itapita kwenye ua wa nani na nitamwambia nini akikataa. Nimekosa kwa sababu ya adabu tu, na roho inaniuma sana.

6. Madhara kwa jamii. Ugonjwa huu unaambukiza. Vijana wa hoteli pale uwanjani siku hizi wanakuuliza mara moja kama utakula kitu kitamu baada ya chakula, na ukisema hapana, wanaondoa kijiko. Padre aliomba watu wa kujitolea kusafisha kanisa, wote tukakataa kama kawaida, akasema sawa, akaenda kula. Altare ina vumbi la kuandikia jina. Na juzi Philomena, damu yangu, aliniuliza kama nataka kipande cha mwisho cha nyama ya nguruwe. Nikamwambia kula wewe. Akakila! Ananitazama usoni na anatafuna.

7. Mambo ya dunia. Hapa naomba unisome kwa makini. Mtu huyu alipewa kazi ya kuzungumza na mataifa. Ni nani ajuaye ni wafalme wangapi na marais wangapi walimwambia hapana kwa adabu tu, naye akasema uamuzi wenu tunauheshimu, akafunga begi lake akapanda ndege? Inawezekana kuna vita vinavyopiganwa mpaka sasa kwa kuwa hakuna aliyeuliza mara ya pili. Inawezekana kuna nchi nzima imekaa na wimbo kooni kama Packie. Inawezekana hata hao Finland walikuwa wanaitaka ile chai.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mambo yafuatayo. Mkutano wa kumteua mgombea urudiwe. Mwenyekiti kabla hajaruhusiwa kumuuliza mtu swali lolote hadharani, apelekwe akakae na shangazi yake kule bondeni, mama ambaye hajawahi kukubali kitu tangu abatizwe, na asirudi mpaka aweze kukataa biskuti huku anaitazama. Serikali nayo iwarudie wote aliowahi kuzungumza nao, iwaulize upya, mara mbili zaidi kila mmoja. Najua ni kazi kubwa, lakini tusiogope gharama mbele ya amani.

Naandika haya bila chuki. Nawe Mhariri ukiona barua imekuwa ndefu, usinione mchokozi, ni uchungu tu. Na mtu asiniombe niyafute maneno yangu. Akitaka sana, aniombe mara tatu.

Nisalimie mama yako na umwambie nitamletea mchuzi wa mifupa. Nisalimie yule binti wa mapokezi mwenye kikohozi, wachapaji wote, na paka wa ofisini. Msalimie na Joost ukimwona, jibini yake haina kosa. Packie anakusalimu pia, ingawa haongei sana siku hizi.

Wako mpole mwenye manung'uniko,
Dympna Tarpey (Bi.)

Baada ya sahihi:

Nilikuwa nimeshabandika stempu, nataka kufunga bahasha, mlango ukagongwa. Ni Balozi, amelowa chapachapa, kofia mkononi. Kumbe Joost alimfuata nyumbani kwake na kipande cha jibini, akamwambia, "Yule mama alikuwa anataka. Mimi nilisema ndiyo kwa sababu uliniuliza, lakini nimeishi nao, hawa huanzia kwenye hapana. Mrudie. Mimi najitoa, nina mbuzi wa kukamua, nitamsaidia kubandika picha za kampeni."

Balozi akasema, "Bi. Dympna, nadhani nilikosea. Nimekuja kukuuliza tena kama ungekuwa tayari..."

Nikasema ndiyo.

Ndugu Mhariri, hakuwa amemaliza sentensi. Mama yangu huko aliko amefunika uso. Nilisema ndiyo kwa sauti ambayo kuku walisikia, halafu nikaisema tena bila kuulizwa. Nikamwambia na habari ya njia ya miguu yote, kuanzia kanisani mpaka Daraja la Kinu, tumesimama pale pale mlangoni, yeye kwenye mvua mimi kwenye mkeka. Mwishowe nikakumbuka kumuuliza, "Utakunywa chai?" Naye, maskini, nadhani Joost alikuwa amemfundisha, akaweka mkono kifuani sawasawa kama marehemu mama yake, akasema, "Aa, hapana, nisikusumbue."

Nikasema, "Sawa." Nikafunga mlango.

Nilikuwa nawaza njia ya miguu! Philomena ndiye aliyechungulia pazia akasema, "Dada, mwenyekiti bado amesimama nje." Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nadhani anasubiri kuulizwa tena." Tukatoka mbio wote wawili, tukamrudisha kwa kumvuta mkono wa koti. Ninavyoandika haya yumo jikoni kwangu, chini ya zile zile sidiria, anakula pai na kusema hajala pai kama hii tangu azaliwe. Nikamjibu kwamba najua.

Sasa utaona mwenyewe kwamba barua hii haifai kuchapishwa. Mimi ni mgombea. Wapiga kura wakijua nilisema ndiyo kwa mara ya kwanza, nani atanipa kura? Naituma kwa sababu tu stempu nimeshaibandika. Nawe usijifanye mtoto wa hapa ukaja kunibembeleza. Nasema usiichapishe, na safari hii hapana yangu ni hapana ya Finland.

Picha yangu nzuri ni ile ya koti la kijani.